Namba ya FSH na Hukumu ya Utasa

Karatasi ya majibu ya homoni anayokabidhiwa mwanamke wa Mlandizi au wa Maneromango huwa na herufi 3, namba, na alama ya kuonyesha kuwa namba hiyo imepanda. Na pale ambapo hakuna aliyeketi naye kumfafanulia, wifi na mama mkwe humalizia wenyewe kwamba mayai yamekwisha na mke ni tasa. Hukumu hiyo haimo katika karatasi.

FSH ni homoni inayotolewa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuviamsha vijifuko vya mayai ndani ya ovari. Vijifuko vikiitika hutoa estradioli, homoni kuu ya kike, pamoja na inhibini, nazo zikishafika kwenye damu kwa kiasi cha kutosha pituitari hupunguza wito wake. Kwa hiyo FSH kubwa inayoambatana na estradioli ndogo ni kama hodi inayozidishwa sauti kwa kuwa mlango haufunguliwi, na hodi kubwa haithibitishi kuwa nyumba ni tupu.

Upungufu wa mapema wa ovari hutajwa pale mwanamke aliye chini ya miaka 40 anapokosa hedhi, au hedhi inapovurugika, kwa muda usiopungua miezi 4, huku FSH ikizidi uniti 25 kwa lita. Mwongozo wa wataalamu wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2016 ulidai vipimo 2 vilivyopishana kwa zaidi ya wiki 4. Ule wa 2024 unaridhika na kimoja, ila unataka kirudiwe penye shaka. Kwa Kibaha na Kisarawe, wilaya zenye Mlandizi na Maneromango, shaka hiyo ni ya kweli kabisa, kwa sababu sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 huweza kusimamisha hedhi kwa miezi mingi hata baada ya dozi ya mwisho, vidonge vyenye homoni huishusha FSH, na FSH yenyewe hupanda kwa kawaida siku chache katikati ya mzunguko. Mimba, tezi ya shingo na prolaktini, yaani homoni ya maziwa, nazo hupimwa kwanza. AMH, homoni inayotumika kukadiria akiba ya mayai, haitoshi peke yake kuthibitisha tatizo.

Daktari Fuller Albright wa Boston, alipoieleza hali hii mwaka 1942, aliiita upungufu, na neno hilo lina haki kuliko “kufa kwa ovari”, kwani ovari hizo huweza kuamka kwa vipindi, na takribani wanawake 5 katika kila 100 hushika mimba bila msaada. Linalosahaulika, na linalouma zaidi, ni kwamba mjadala wote huishia kwenye mtoto ilhali estradioli inapokosekana mifupa hudhoofika na moyo huingia hatarini. Ndiyo maana matibabu ya kurudishia homoni, kwa asiye na kizuizi cha kitabibu, huendelea hadi umri wa miaka 50 hivi. Mwanamke anayekwenda Hospitali ya Tumbi, Kibaha, kwa sababu hii na abebe, pamoja na karatasi ya majibu, kadi yake ya uzazi wa mpango yenye tarehe ya sindano ya mwisho.