Mwanafunzi Mwenye Akiba: Aitumie au Aizalishe?

Maneno yaliyosemwa na Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Tumeagizwa tuseme kwa ufupi juu ya vijana na akiba, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Waliotutangulia hapa wamekwisha hesabu magunia, maghala na mizani ya miaka kumi. Sisi hatutarudia hesabu hizo. Twaomba ruhusa tuseme habari ya bahasha moja tu.

Mwezi wa Juni mwaka jana, binti wa mwanachama wetu mmoja aliingia ofisini, akatuamkia, akaweka bahasha juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na shilingi 360,000. Alipokuwa kidato cha nne alianzisha kitalu cha miche ya kahawa nyuma ya jiko la mama yake, aina hii mpya isiyoshikwa upesi na chulebuni wala kutu ya majani. Alijaza viriba yeye mwenyewe, mama yake akamwagilia siku ambazo yeye yu shuleni, na masika yalipofika aliuza miche 1,200 kwa shilingi 300 mmoja. Alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni, naye alikuwa ametimiza miaka 18. Swali lake lilikuwa hili: fedha hizi azitumie, au aziweke mahali zizae?

Kwa hakika swali lile lilitushinda kujibu papo hapo. Tulimwambia arudi siku ya tatu.

Siku ya pili alikuja baba yake. Mzee huyo tunamheshimu, kahawa yake ni safi, na hajapata kukosa mkutano. Alitaka akopeshwe fedha za bintiye mpaka malipo ya pili ya kahawa yatakapotoka. Tukamjibu kwa adabu kwamba fedha zi katika bahasha ya binti, na kama ni kukopa, basi amkope binti mwenyewe naye akubali kwa kinywa chake. Alitutazama kitambo kirefu. Kisha akacheka, akaenda zake. Twasimulia haya kwa idhini yake, naye yuko hapa katikati yenu, ila hatutamtaja.

Jambo hili, wanachama, ni zito kuliko linavyoonekana. Twasema mara nyingi kwamba vijana hawajui kuweka. Lakini ni watoto wangapi walioweka, kisha wakaona akiba yao ikienda kwenye msiba, kwenye dawa ya kunyunyizia mibuni, au kwenye harusi ya binamu? Mtoto aliyetendewa hivyo mara mbili hujifunza kwamba fedha iliyo salama ni ile iliyokwisha tumiwa. Tukimlaumu baadaye kwa ubadhirifu twamwonea.

Huko nyumbani kwao shauri lilikuwa la kila namna. Mama alisema anunue godoro, tranka na viatu, na kinachobaki kikae. Mjomba aliye mjini alisema anunue hisa za kampuni katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo lilianza biashara mwaka 1998, au vipande vya Mfuko wa Umoja uliofunguliwa mwaka 2005. Baba alisema mbuzi. Kaka yake, ambaye tungempenda zaidi kama angekuja kazini mapema, alisema kuna mchezo wa kubashiri mpira katika simu, na kwamba rafiki yake alipata shilingi laki mbili kwa usiku mmoja. Alipoulizwa rafiki huyo alikuwa amepoteza kiasi gani kabla ya usiku huo, hakujua.

Tulikaa na mhasibu wetu, tukaanza na mahitaji ya shule. Ni kweli serikali ilifuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Hata hivyo mzazi yeyote hapa ajua kwamba mtoto haendi bweni na mikono mitupu. Godoro, tranka, sare, ndoo, madaftari na nauli vilifika shilingi 210,000. Zikabaki 150,000. Hizo ndizo zilizokuwa za kubishaniwa.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme fedha hizo zimewekwa mahali penye faida ya shilingi 8 kwa kila mia kwa mwaka, na faida haiguswi. Baada ya miaka miwili, atakapokuwa amemaliza kidato cha sita, zitakuwa shilingi 174,960. Faida haifiki 25,000. Sasa tumwulize mwanafunzi wa masomo ya sayansi: kama hana vitabu viwili ambavyo mwalimu hufundishia, naye akakosa alama moja iliyokuwa imtie katika chuo alichokitaka, je, hizo 25,000 zitamlipa hasara yake?

Lakini twendeni mbele, kwa maana miaka miwili si kitu. Fedha zile zile, kwa faida ile ile, zikiachwa miaka 40 zitapita shilingi milioni tatu na robo. Hapa ndipo wauza maneno hukomea, na wasikilizaji wakapiga makofi. Sisi twaongeza mstari mmoja. Kama bei ya vitu itapanda kwa shilingi 5 kwa kila mia kila mwaka katika muda huo, hizo milioni tatu na robo zitanunua kiasi kile ambacho leo chanunuliwa kwa shilingi 460,000 hivi. Ni mara tatu ya alichoweka. Si haba, lakini si utajiri. Na yule aliyeziacha fedha zake katika kopo chini ya kitanda atakuta zanunua vitu vya shilingi elfu ishirini na moja tu, na ushee. Mwaka 1966, shilingi yetu ilipoanza, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi 7 na senti 14. Leo ni zaidi ya shilingi 2,000. Wazee waliofukia noti zao wanalielewa neno hili bila mhasibu.

Basi tuliona kwamba kuuliza "kutumia au kuzalisha" ni kuuliza nusu ya swali. Kwanza ijulikane fedha itahitajiwa lini. Fedha ya nauli ya Desemba haiwezi kuwekwa katika hati fungani ya serikali ya miaka 20, japo hati hiyo ni njema na hulipa faida mara mbili kwa mwaka. Haiwezi kuwekwa katika hisa za kampuni, kwa kuwa bei yaweza kuwa chini mwezi ule ule anaotaka kusafiri, naye atauza kwa hasara. Nasi wakulima wa kahawa tusijifanye wageni wa jambo hili. Mbuni haukupi kitu mpaka mwaka wa tatu, na hakuna mtu mwenye akili aliyepanda mibuni ili apate karo ya mwaka huu. Mbuzi naye ni mali, tena huzaa baada ya miezi mitano tu, lakini mwenye mbuzi akiwa bweni, mchungaji ni nani? Mdogo wake wa darasa la pili?

Kabla ya kuendelea hatuna budi kusema neno juu ya faida kubwa za ghafula. Wengi mwakumbuka mchezo wa DECI, ambao watu waliambiwa "wapande mbegu" na kungoja kuvuna maradufu kwa muda mfupi. Serikali iliusimamisha mwaka 2009. Uchungu wake ni kwamba walitumia lugha yetu wenyewe, lugha ya shamba, na wakulima wakaamini. Mkulima hupanda mbegu katika udongo anaouona. Pale, fedha ya aliyetangulia ilitoka mfukoni mwa aliyefuata, na wa mwisho hakuwa na wa kumfuata. Kijana akiletewa shauri la namna hiyo na aulize kitu kimoja: faida hii yatoka katika kazi gani? Asipojibiwa, achukue bahasha yake aende nyumbani.

Wapo pia wasiotaka kusikia habari ya kuweka fedha katika ushirika wenyewe, nao wana sababu. Mzee mmoja wa chama cha msingi alisimama mkutanoni akatukumbusha mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu na mali zao kukabidhiwa mamlaka za mazao. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini mtu aliyeona hisa zake zikipotelea njiani hapaswi kuitwa mwoga. Hatukuwa na jibu la kumfuta machozi. Tulichoweza kumwonyesha ni vitabu vya hesabu, barua za wakaguzi, na haki yake ya kuuliza katika kila mkutano mkuu. Akatazama, akasema atafikiri. Bado anafikiri.

Sasa turudi kwa binti. Baadhi ya wajumbe walitaka tumshauri aweke shilingi zote 150,000 katika hisa za chama cha akiba na mikopo, ili mtaji wetu ukue. Tulikataa, na twaeleza sababu hadharani maana lawama zilikuwapo. Hisa ni mtaji wa chama. Haitolewi dirishani kama maji kisimani. Mwenyewe akitaka kuiacha, humhamishia mwingine. Akiba ni dhamana ya mkopo, na hukaa muda wote wa uanachama. Amana peke yake ndiyo ambayo mtu huja na daftari lake akaichukua kwa kufuata taratibu. Wanachama wengi, na hata viongozi, huchanganya vitu hivi vitatu. Mwanafunzi akifungiwa fedha zake zote katika hisa, siku ya kuugua ataomba mkopo wa fedha zake mwenyewe na kulipa riba juu yake. Tungeongeza mtaji kwa laki moja na nusu, na kumpoteza mwanachama wa miaka hamsini.

Tena tuliyajua haya kwa kuumia. Sisi wenyewe tulipomaliza shule tulikuwa na shilingi 80,000 za maharage. Tukanunua simu, yenye redio ndani yake, tukaonekana watu. Mwezi wa pili ukatangazwa mtihani wa utunzaji wa vitabu vya hesabu, ada ya kujiandikisha 60,000. Simu iliuzwa kwa 35,000, nayo haikutosha. Tulingoja mwaka mzima tukipima kahawa ya watu ghalani. Mwaka ule haukuwa wa bure kabisa, kwa sababu tulijifunza mizani. Ila ulikuwa mwaka.

Shauri tulilompa binti lilikuwa hili: shilingi 50,000 za vitabu na mitihani ya miaka iliyopita, na zitumike zote bila kujuta, 70,000 ziwe amana kwa nauli na maradhi, 30,000 anunue hisa, ili ajifunze kusoma taarifa ya mwaka na kuhudhuria mkutano akiwa na chake ndani. Aliuliza kama 30,000 si ndogo. Tukamsimulia habari za watu 28 wa Rochdale, Uingereza, ambao walichanga peni chache kila juma hata kila mmoja akatimiza pauni moja, wakafungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, wakiuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Hayo kila mshirika huyasimulia. Yasiyosimuliwa sana ni kwamba baada ya miaka michache walianza kutenga katika ziada yao mbili na nusu kwa kila mia kwa ajili ya elimu. Watu waliokuwa wakihesabu peni waliona kwamba chumba cha kusomea nacho ni sehemu ya biashara.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, tumeandika maombi mawili, nayo yataingia katika ajenda ya mkutano mkuu ujao. La kwanza, kila chama cha akiba na mikopo kilicho chini yetu kiwe na daftari la amana la mwanafunzi, ambalo mzazi hawezi kutoa fedha ndani yake pasipo mwanafunzi mwenyewe kuwapo na kutia sahihi. Twajua baadhi yenu hamtalipenda. Njoni mlipinge kwa hoja. La pili, dirisha lifunguliwe Jumamosi asubuhi wakati wa likizo, maana mwanafunzi hawezi kuja siku za masomo.

Binti yule alikuja likizo ya Desemba. Alitoa shilingi 18,000, kwa kuwa nauli ilikuwa imepanda, akatuonyesha matokeo ya muhula, akauliza mkutano mkuu ni lini. Daftari lake liko kabatini kwetu, lina shilingi 52,000.