Skonzi za Mama na Mchango wa Mwezi wa Mei

(Yafuatayo ni maneno aliyoyatoa mama mmoja wa kikundi chetu cha Njoro katika mkutano wa matayarisho ya Jumapili ya Akina Mama. Tumeyafupisha kidogo.)

Akina mama wenzangu, wazee wetu, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma karibu na mlango, hamjambo nyote. Nimeombwa niseme juu ya mchango wa mwezi wa Mei, ule wa kuwakumbuka mama zetu waliotangulia. Mwenyekiti amenipa dakika 20. Nitajaribu.

Katika mkutano uliopita tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, kila nyumba iliyofiwa na mama itaoka kitu kimoja alichokuwa akikioka yeye, nacho kiuzwe hapa uwanjani baada ya ibada. Pili, pesa zote ziende kwa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Hakuna aliyepinga. Lakini tulipotoka nje nilisikia minong'ono. Mmoja alisema, "Kumuuza mama shilingi ishirini ishirini, hiyo ni heshima kweli?" Mwingine akasema, "Mimi ningependa, lakini mama hakuacha hata mstari mmoja. Alikuwa anatia tu." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonisimamisha hapa mbele.

Nianze na huyu wa pili, kwa sababu shida yake ni ya wengi wetu.

Tufahamu kwamba mikate ya ngano si urithi wa zamani sana kwetu. Nyanya za mama zetu hawakuwa na tanuri. Ngano ilipandwa huku Njoro na masetla mwanzoni mwa karne iliyopita. Lord Delamere alipanda, ugonjwa wa kutu ukamla shamba, akapanda tena, na mwaka 1908 ndipo kampuni ya Unga ilipoanzishwa. Watu wetu walijifunza kuoka jikoni kwa mzungu, na wapishi wengi humo walikuwa wanaume. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Kisha vikaja vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, tangu 1952, vikawafundisha akina mama kushona, kufuma, usafi wa nyumba, na kuoka keki juu ya jiko la makaa. Kwa hiyo skonzi unazozikumbuka zimepita mikono miwili tu, pengine mitatu. Ugali hata ukisahau, jirani atakukumbusha. Skonzi za mama yako, ni jirani gani anazijua?

Na mama zetu hawakupima kwa mizani. Walikuwa na kikombe cha bati, kopo la Kimbo, na mkono. Ukimwuliza, "Mama, maziwa kiasi gani?" anakujibu, "Mpaka unga ukubali." Sasa, unga unakubali lini? Hilo alilijua yeye na vidole vyake.

Nyumbani kwetu tulifanya hivi. Mama alituacha mwaka 2009. Mwaka uliofuata tulikutana dada watatu pamoja na shangazi yetu, ambaye alizoea kuoka na mama wakati wa Krismasi. Shangazi akaoka, nasi tukamkataza kabisa kupima. Atie kama alivyozoea. Kazi yetu ilikuwa kuweka pakiti ya unga kwenye mizani kabla hajachota na baada ya kuchota. Sukari vivyo hivyo, jagi la maziwa vivyo hivyo. Mizani tuliiazima dukani. Kilichopungua kwenye pakiti ndicho kilichoingia kwenye beseni, basi, unaandika. Ni njia rahisi na haimchanganyi mpishi. Ukimwambia mzee apime, mkono wake unaanza kuona haya.

Skonzi za kwanza zilitoka nzuri, lakini hazikuwa za mama. Kaka yetu, ambaye hajawahi kushika mwiko maisha yake yote, alitafuna akasema, "Kuna kitu hapa hakipo." Tukabishana. Ikaja kujulikana ni iliki. Mama alianza kutia iliki baada ya kukaa Mombasa na baba miaka ya sabini, na shangazi hakuwa na habari. Kwa hiyo, mkikutana kupika, waiteni na walaji. Ulimi wa mlaji unakumbuka mambo ambayo mpishi hayajui. Tulikaa mpaka usiku, na habari za mama zilizotoka siku ile sikuzisikia hata matangani.

Nitawasomea vipimo, na mwenye kalamu aandike. Unga wa ngano kilo 1. Sukari gramu 150. Hamira kavu vijiko vidogo 3. Chumvi kijiko kidogo 1. Iliki iliyotwangwa kijiko kidogo 1. Siagi gramu 100. Yai 1. Maziwa ya vuguvugu nusu lita, na kidogo zaidi ukiona unga haujakubali! Sugua siagi ndani ya unga mpaka ufanane na makombo, tia vile vikavu vingine, kisha yai na maziwa. Kanda dakika 10 kamili, usidanganye. Funika, acha mahali penye joto kama saa moja mpaka uumuke mara mbili. Kata vipande 24, viringisha, panga kwenye bati iliyopakwa siagi, acha tena nusu saa, kisha oka dakika 20 hadi 25.

Asiye na oveni asiseme hawezi, maana mama hakuwa nayo. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili ndani yake, juu ya jiko. Ikishapata moto, weka bati yako juu ya mchanga, funika, panga makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Ukiyapanga kinyume, chini zitaungua na juu zitabaki nyeupe kama zilivyoingia.

Sasa nije kwa yule aliyeuliza kuhusu heshima.

Siku hii yenyewe ya Mei ililetwa na binti aliyefiwa. Anna Jarvis, huko Marekani, alifiwa na mama yake Mei 1905. Tarehe 10 Mei 1908 ikafanyika ibada ya kuwakumbuka akina mama katika kanisa la Grafton, West Virginia, naye akapeleka maua meupe 500, ya aina aliyoipenda mama yake. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza kuwa siku ya taifa lao. Kisha wenye maduka ya maua na wachapishaji wa kadi wakaona biashara. Binti akakasirika, akapigana nao miaka mingi, na hata na vyama vilivyouza maua hayo kuchangia wahitaji. Alikufa mwaka 1948, hana mtoto wala mali.

Mimi naona alikuwa na haki kuhusu wenye maduka. Kuhusu mchango, siwezi kukubaliana naye. Kwa sababu mama yake huyo, Ann Jarvis, alizaa watoto zaidi ya kumi na wanne tu ndio waliofika utu uzima. Akaanzisha vikundi vya akina mama, kama hiki chetu, vilivyochanga pesa za dawa na kukagua maziwa wanayopewa watoto. Yule mama alikuwa mtu wa mchango! Ua jeupe lilikuwa wazo la binti. Basi ukiniuliza ni lipi linalomfanana mama zaidi, ua au chupa ya dawa, jibu ninalo.

Na mama yangu mimi alikufa kwa saratani hii tunayoichangia. Alikuwa na miaka 54. Miaka miwili alizunguka na damu isiyo ya kawaida na maumivu ya kiuno, akiambiwa ni uchovu, ni umri, ameze hizi tembe arudi baada ya mwezi. Alipofika mahali pa kuchunguzwa ilikuwa imeshasambaa. Sisemi hivi ili mnihurumie. Nasema kwa sababu huu ni ugonjwa ambao mtu hana haja ya kufa nao, na bado unaua. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba Kenya ilipoteza wanawake zaidi ya 3,000 kwa saratani hii katika mwaka mmoja. Hao ni kama 9 kila siku.

Huletwa na virusi vinavyoitwa HPV, ambavyo hupita kwa njia ya kujamiiana. Wazee mniwie radhi, lakini tuko watu wazima. Kutoka virusi hadi saratani huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi. Hiyo miaka ndiyo nafasi yetu. Upo uchunguzi wa virusi vyenyewe, na upo ule wa kutumia siki. Naam, siki. Muuguzi hupaka siki iliyopimwa nguvu yake kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, na mahali penye mabadiliko hugeuka peupe. Mabadiliko yakiwa madogo, yanaweza kutibiwa kwa joto au kwa kugandishwa kwa baridi, pengine siku hiyo hiyo. Kilichomwua mama kingeonekana kwa kitu tunachonyunyizia kachumbari. (Tafadhali, asitokee mtu wa kujaribu nyumbani. Kazi hii ina macho yake.) Wanaotangulizwa ni wenye miaka 25 hadi 49, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI huchunguzwa mara nyingi zaidi. Kwa wasichana kuna chanjo, ambayo serikali ilianza kuitoa Oktoba 2019 kwa wenye miaka 10. Mama mwenye msichana wa umri huo, uliza shuleni au zahanati.

Mtasema, kama uchunguzi upo, pesa za nini? Pesa ni za nauli. Wako wanawake huku kwetu ambao hawajaenda kwa sababu ya nauli ya kwenda na kurudi, na wengine wameambiwa warudi hospitali ya kaunti kwa matibabu wakakaa nyumbani. Huko ndiko tunakopotezea watu.

Hapo sasa tuje kwenye hesabu, maana ndipo michango mingi inapoanguka. Tuchukue zile skonzi 24. Kwa bei za duka letu wiki hii, unga ni kama shilingi 95, sukari 25, hamira 20, siagi 50, maziwa 35, yai 15, makaa 50. Jumla 290, iliki nimeiacha, tuseme ni zawadi. Ukiuza zote kwa 20 unapata 480. Umechanga ngapi? Umechanga 190, si 480. Watu wanasimama hapa mbele wanatangaza 480, tunapiga makofi, na ile 290 imetoka kwenye pesa ya mboga ya watoto. Mwenye uwezo wa kutoa viungo bure atoe, na iandikwe kwamba ametoa. Asiye na uwezo arudishiwe 290 yake bila kuonewa haya. Bila hivyo watakaokuja mwakani ni wale wenye nacho peke yao.

Wala msione 190 ni kidogo. Huko Montgomery, Alabama, watu weusi walipogoma kupanda mabasi kwa siku 381, kuanzia Desemba 1955, mpishi mmoja aitwaye Georgia Gilmore alikusanya akina mama wakaoka keki na pai, wakauza majumbani na kwenye saluni. Kikundi walikiita kwa maana ya "Kikundi cha Kutoka Popote", ili mtu akiulizwa pesa zimetoka wapi asitaje jina la aliyehofia kufukuzwa kazi. Pesa zilisaidia kulipia magari na petroli ya kuwabeba wagomaji. Gilmore mwenyewe alizipeleka mbele ya mkutano na kutaja kiasi. Alifariki Machi 1990, siku aliyokuwa ameandaa chakula cha watu waliokuja kwenye maadhimisho ya maandamano ya Selma. Waombolezaji wakala chakula alichokipika yeye.

Tena pesa kama hizi hazina bwana. Mnakumbuka Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alivyokataa mchango wa Rais. Skonzi haitaki kushika maikrofoni.

Basi tutafanya hivi. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, hapa ukumbini, kila nyumba ije na mpishi wake na mlaji wake. Tutapima kwa njia niliyoeleza na kuandika katika daftari moja, kila ukurasa na jina la mama, alikozaliwa, na alikojifunza kuoka. Nyumba ambayo mama hakuoka mikate ilete alichokipika. Mandazi ni sawa, viazi vitamu vya kuchoma pia ni sawa. Daftari la pili ni la hesabu na litakaa na mweka hazina, wazi kwa yeyote. Siku yenyewe muuguzi atakuwa na meza yake karibu na meza ya skonzi, kuandika majina ya wanaotaka kuchunguzwa na wanaohitaji nauli. Na ninyi vijana wa mlangoni, kubeba meza ni kazi yenu.

Mwenye mizani ya jikoni anione kabla hatujaondoka. Tunahitaji mbili, na mpaka sasa ninayo ile moja ya dukani tu.