Dakika nne za jasho na mazoezi ya judo

Leo nazungumza nawe unayefanya judo au karate na unataka kuongeza mazoezi mafupi ya kutoa jasho jingi.

Mwaka 1996 mtafiti wa Japani, Izumi Tabata, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la baiskeli ya mazoezi: sekunde 20 za kukanyaga kwa nguvu nyingi sana, sekunde 10 za kupumzika, mara 7 au 8. Baada ya wiki 6, washiriki waliongeza pumzi, na pia uwezo wa misuli kufanya kazi kali kuliko oksijeni inavyoweza kuifikia. Kundi lililokanyaga kwa mwendo wa wastani saa nzima liliongeza pumzi tu. Pambano la judo la watu wazima ni dakika 4 za vuta nikuvute, basi uwezo huo wa pili una thamani kubwa.

Lakini vijana, sikilizeni hapa. Mwili uliochoka hauanguki vizuri. Shingo inalegea, mkono unatangulia chini, na kiwiko ndicho kinacholipa. Fanya mbinu kwanza ukiwa na nguvu. Mazoezi makali yaje mwishoni, au siku nyingine kabisa. Anayekwenda dojo mara 3 kwa wiki, vipindi 2 vikali vinamtosha. Mwenye shinikizo la damu au maumivu ya kifua amwone daktari kabla ya kuanza. Na ukiamka moyo unapiga haraka kuliko kawaida, acha vipindi hivyo wiki hiyo, urudie mbinu polepole.