Mungu Nodens na Pete Iliyopotea

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kuwapeleka Uingereza ya kale, nchi iliyotawaliwa na Warumi tangu mwaka 43 hata karibu na mwaka 410 baada ya Kristo. Wenyeji wake walikuwa Wakelti, nao walikuwa na miungu yao kabla Warumi hawajavuka bahari. Mmoja aliitwa Nodens. Hekalu lake lilisimama juu ya kilima cha Lydney, karibu na mto Severn, magharibi ya nchi.

Haikuwa desturi ya Warumi kuwaondoa miungu wa watu waliowashinda. Walipomkuta mungu mgeni, walimtafutia mwenzake katika miungu wa Rumi, wakayaunganisha majina mawili. Ndivyo Nodens alivyopata kuitwa Mars, mungu wa vita. Msikilizaji aweza kustaajabu, maana wengi waliopanda kilima kile walikuwa wagonjwa. Lakini kwa Wakelti Mars alikuwa mlinzi wa watu hata na maradhi. Huko Trier, katika Ujerumani ya leo, Lenus Mars naye aliombwa uponyaji. Askari pia walifika Lydney. Flavius Blandinus, mwalimu wa silaha, aliacha bamba la shaba kutimiza nadhiri yake.

Waandishi walitaabika na jina lenyewe: huyu ameandika Nodens, huyu Nudens, yule Nodons. Sisi walimu twawahurumia, kwani kuandika kwa herufi za wageni jina ulilolisikia kwa masikio tu si kazi nyepesi.

Mwaka 1928 na 1929 Bwana Mortimer Wheeler na mkewe Tessa walichimba mahali hapo. Palikuwa na nyumba kubwa ya wageni, hamamu, na jengo refu lenye vyumba vilivyofuatana. Yadhaniwa wagonjwa walilala humo wakingoja ndoto kutoka kwa mungu. Sakafu ya hekalu ilipambwa kwa vijiwe vya rangi, nayo ililipiwa kwa sadaka za watu. Juu yake limetajwa jina la Victorinus, mfasiri. Huenda ndoto ndizo alizozifasiri. Tena zilionekana sanamu ndogo nyingi za mbwa. Kwa Wayunani mbwa waliowekwa hekaluni waliramba vidonda vya wagonjwa, na pengine ndivyo ilivyokuwa hapa. Wala dawa haikudharauliwa: umepatikana muhuri wa kupigia chapa dawa ya macho.

Lakini sauti ya mtu twaisikia zaidi katika bamba dogo la madini ya risasi. Silvianus alipotewa na pete. Akamwandikia Nodens, akampa nusu ya thamani yake, akaomba kwamba miongoni mwa wenye jina la Senicianus asijaliwe mtu afya mpaka pete iletwe hekaluni. Maskini Senicianus yeyote asiyekuwa mwizi! Katika nchi isiyo na polisi wa kumfuatia mtu mali yake, mungu ndiye aliyefanywa mpelelezi na hakimu, naye apata fungu lake. Kisha likaongezwa neno moja la Kilatini, maana yake laana imefanywa upya. Basi ni dhahiri kwamba pete ilikuwa haijarudi.

Mwaka 1785 pete ya dhahabu ilipatikana shambani karibu na Silchester, zaidi ya maili 60 kutoka Lydney. Ina sura ya Venus, mungu mke wa Rumi, na kuizunguka yamechorwa maneno ya kumtakia Senicianus aishi katika Mungu, kama walivyosema Wakristo wa zamani zile.

Je, ndiyo pete ya Silvianus? Wengi wamependa kusadiki hivyo, na kwa kweli hadithi ingekuwa tamu: mwizi anayeogopa laana ya mungu mmoja na kujificha chini ya jina la Mungu mwingine. Lakini bamba halisemi pete ilikuwa ya namna gani, na Senicianus hawakuwa mmoja. Sisi hatuthubutu kumhukumu mtu kwa jina lake. Pete yenyewe imehifadhiwa katika jumba la The Vyne, jimbo la Hampshire, nayo ni pana hata yafikiriwa ilivaliwa juu ya glavu.