Kiungo Kilichosahauliwa

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu Serikalini. Mimi huchora nyaya za umeme wa magari. Nyaya hizo hufungwa pamoja kama tita la kuni, kisha hutoa matawi kwenda kwenye taa, honi na pampu. Mahali waya mmoja unapogawanyika kuwa miwili au zaidi tunapaita kiungo.

Siku hizi tunachora kwa programu za kompyuta. Kijana anayeanza huona mistari imekutana kwenye kioo, akadhani kazi imekwisha. La hasha! Mchoro waweza kuonyesha kwamba umeme unapita, usiseme nyaya zinaungwa wapi wala kwa kitu gani. Kiungo lazima kiwekwe kama kifaa kamili, chenye namba yake na mahali pake. Hapo ndipo programu itakapopima sawasawa. Ukikisogeza sentimita 20 kuelekea kwenye taa, waya utokao kwenye fyuzi hurefuka, na zile ziendazo kwenye taa hufupika.

Nilipokuwa mgeni kazini nilichora nyaya za gari la wagonjwa. Kiungo kimoja sikukiweka. Mchoro ulipendeza, nikautia sahihi. Fundi, mtu mzima kuliko mimi, akaja kuniuliza: "Bwana mkubwa, hizi tatu nizikutanishe wapi?" Nikamjibu bila kuinua macho: "Popote, mzee."

Akazisokota, akazizungushia utepe, karibu na gurudumu palipokuwa na nafasi. Masika yalipofika maji yaliingia, shaba ikaota kutu ya kijani. Usiku mmoja, mama mjamzito akiwa ndani, taa zilizimika njiani. Muuguzi alimzalisha kwa mwanga wa tochi ya dereva. Namshukuru Mungu, mama na mtoto walisalimika.

Barua ya kujieleza aliandikiwa fundi. Ilinichukua siku mbili kupata moyo wa kwenda kwa mkuu wangu na kusema kosa ni langu. Siku hizo mbili zinanionea haya hadi leo.

Tangu hapo nashika mambo matatu. Kwanza, kiungo kisikae penye maji wala panapokunjika. Pili, viungo vipishane, tita lisivimbe mahali pamoja. Tatu, kibanio kichaguliwe kwa jumla ya unene wa nyaya zote: mmoja wa milimita mraba 1.5 na miwili ya 0.75 hufanya 3. Kisha kifunikwe kwa mpira unaonywea kwa joto, wenye gundi ndani.

Vijana, kompyuta haijui usichoiambia. Lakini fundi alijua kuna pengo, akaja kuuliza. Mtakapokaa kwenye viti vyetu, mtu wa namna hiyo msimjibu "popote". Inukeni mwende naye mpaka kwenye gari.