KHUTBA YA IJUMAA: BARAKA YA CHAKULA CHA MIMEA

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha mvua na kuotesha kwayo nafaka na mboga. Sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni, na tunajiusia nafsi zetu, kumcha Mola wetu.

Ndugu Waislamu, katika Surat Abasa mwanadamu anaamrishwa akitazame chakula chake, jinsi maji yanavyomiminwa na ardhi inavyopasuka ikatoa nafaka, mboga na matunda. Basi leo na tutazame vyungu vyetu, sisi tukaao Mwanza na kando ya Ziwa Victoria.

Ziwa li mlangoni mwetu, lakini samaki mkubwa hayumo katika uwezo wa kila nyumba. Tangu miaka ya 1990 viwanda vya minofu vimekuwa vikipeleka sangara ng'ambo, na wanyonge wengi wakabaki kununua mapanki, yaani mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Nyama nayo ina bei yake. Yuko baba anayekopa buchani ili asionekane fukara, hali watoto hawana madaftari. Yuko mwingine anayekula nyama choma mjini, akarudi usiku na kuwakuta wanawe wamelala kwa ugali na chumvi. Huyu amekula halali, lakini ameiacha amana.

Sayyidna Omar bin Khattab (R.A.) alimkuta Jabir bin Abdallah amebeba nyama aliyoinunua kwa dirhamu moja kwa kuitamani. Akamlaumu, akimwuliza kama mtu aweza kutaka kulijaza tumbo lake na kumsahau jirani na jamaa yake. Ikiwa jirani ana haki hiyo, mtoto wako je?

Wako wanaoona haya kumwandalia mgeni maharage. Haya hiyo haina msingi. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba mshonaji mmoja alimwalika Mtume (S.A.W.), akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi wenye boga na nyama kavu. Mtume akawa anavitafuta vipande vya boga pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo Anas akalipenda boga.

Hatusemi kwamba nyama ni haramu. Qur'ani imetukataza kujiharamishia vizuri tulivyohalalishiwa. Tunasema kwamba nyama na iwe ya siku yake, na mlo wa kila siku utoke shambani. Magu, Misungwi na Kwimba hulima choroko na dengu. Usukuma una kunde, karanga, mlenda, maboga na viazi vitamu, ambavyo wazee walivikausha vikawa michembe na matobolwa ya kiangazi.

Lakini tule kwa maarifa. Mwaka 1985, wilayani Tarime, mkoani Mara, baada ya ukame, watu walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Walitegemea muhogo mchungu usiotayarishwa kwa muda wa kutosha kuondoa sumu yake, na hawakuwa na kitoweo cha kuujenga mwili. Kwa hiyo kushiba wanga pekee si kula.

Enyi akina mama na akina baba, uunganisheni ugali na jamii ya kunde, kwani kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenziwe. Lowekeni maharage usiku kucha, mmwage maji yake. Yataiva upesi na mkaa utapungua. Chagueni dona, kwa kuwa kukoboa huondoa pumba na kiini chenye lishe. Mboga za majani zitiwe karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo, na mlo ufuatwe na papai, embe au ndimu, ili mwili uifaidi madini ya chuma. Chai ingoje baadaye. Karanga zenye ukungu zitupwe, kwani zina sumu. Na mtoto mdogo na mama mjamzito wasinyimwe dagaa, yai au maziwa kila yapatikanapo, kwa kuwa iko vitamini ambayo mimea haina.

Anzeni taratibu, siku mbili za juma, kisha nne. Baba na akae sahani moja na watoto wake. Akila wanachokula wao, hawatakidharau. Kinachobaki mfukoni kiende kwenye madaftari, deni na sadaka.

Ee Mwenyezi Mungu, tubarikie katika mashamba yetu na ziwa letu, uturuzuku kukinai, na usitufanye wenye kushiba hali walio chini ya ulinzi wetu wana njaa. Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Amin.