Malalamiko ya Mwanachama Yashikwe Vipi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Garissa)



Leo hatukuja kusema juu ya mshahara. Tumekuja kusema juu ya jambo lililo nyuma ya mshahara, nalo ni hili: mwanachama akiwa na malalamiko, ayapeleke wapi, na chama kiyashike vipi? Maana chama kisichosikiliza watu wake hakina uso wa kumwambia mwajiri asikilize.

Sisi wa sehemu hii tuna sababu ya kulifikiri sana jambo hili. Hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki mwezi wa Desemba 1963, wala haikuondolewa mpaka 1991. Katika miaka ile mtu mwenye neno moyoni aliona ni salama kunyamaza, na desturi hiyo haikwisha siku moja. Hata leo mfanya kazi huteta penye chai, lakini mkutanoni hainui mkono. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi twaona njia iwe hii.

Kwanza, kila malalamiko yaandikwe daftarini: jina, tarehe, shida yenyewe, na anachotaka mlalamikaji. Asomewe yaliyoandikwa, na kama Kiswahili chake ni kidogo aelezwe kwa Kisomali, ndipo atie sahihi.

Pili, apewe siku ya kuja kupata jibu. Ikifika siku hiyo na jibu halijapatikana, aambiwe hivyo waziwazi.

Tatu, anayelalamikiwa naye asikizwe. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya mwenendo wake au kazi yake, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama mahali hapo. Tukidai hivyo kwa mwajiri, tutamhukumuje mwenzetu bila kumsikia?

Nne, malalamiko juu ya kiongozi yasiamuliwe na kiongozi huyo huyo.

Tano, siku zihesabiwe. Aliyefukuzwa bila haki hupeleka malalamiko kwa Afisa wa Kazi katika muda wa miezi mitatu. Karatasi ikilala mezani kwa katibu, haki ya mtu yaweza kulala nayo.

Sasa liko neno gumu zaidi, nalo ni malalamiko yanayowagawa wanachama wenyewe. Tarehe 22 Novemba 2014 twaikumbuka: abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo walimu wengi. Mwanzo wa 2015 walimu waliotoka sehemu nyingine za Kenya walipiga kambi Nairobi, penye ofisi ya Tume ya Kuajiri Walimu, wakitaka kuhamishwa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Watoto wengi wakabaki bila mwalimu.

Hapo palikuwa na malalamiko mawili, na yote mawili yalikuwa ya haki. Mmoja asema, "Nahofia maisha yangu." Mwenzake mwenyeji asema, "Nimeachiwa madarasa yote, na mtoto wangu hana wa kumfundisha." Mkutano ukiongozwa vibaya, huyu ataambiwa, "Ninyi wageni mwakimbia," na yule ataambiwa, "Ninyi wenyeji mwawaficha wauaji." Hapo shida ya kazi imesahauliwa, na ugomvi wa kabila na dini umeshika mahali pake.

Mwenyekiti afanyeje? Akate tusi, asikate shida. Aseme, "Ndugu, ondoa hilo la kabila, kisha tueleze shida yako." Mtu asinyimwe zamu kwa kuwa ana hasira, maana mwenye kuumia hasemi kwa sauti tamu. Akirudia tusi, aketi, na zamu yake ingoje mpaka wengine wamalize. Kumtoa mtu mkutanoni kuwe ni hatua ya mwisho kabisa, sababu yake iandikwe, naye apewe nafasi ya kukata rufani mbele ya halmashauri. Tena sheria iwe moja kwa mwenyeji na mgeni, kwa rafiki wa katibu na kwa mpinzani wake. Wazee wa Kisomali wakiketi katika shir chini ya mti, kila upande husema neno lake kabla ya shauri kukatwa. Hili si jambo geni kwetu.

Tazameni faida yake. Malalamiko yale mawili yakiondolewa matusi, yanakuwa dai moja: shule zilindwe, walimu wapate nyumba zenye usalama, na vijana wenyeji wengi zaidi wafunzwe ualimu. Dai hilo mgeni na mwenyeji waweza kulitia sahihi pamoja, na kulipeleka kwa mwajiri na kwa Serikali kwa sauti moja.

Kwa hiyo twawaomba wajumbe wa kila mahali pa kazi wawe na daftari, na kila mkutano uanze kwa kusoma malalamiko yaliyopokelewa na majibu yaliyotolewa, isipokuwa yale ambayo mwenyewe ameomba yawe siri. Nawe mwanachama, usingoje kuulizwa. Njoo useme.

Umoja ni nguvu.